Msitu Ulikuwa Kimya, Nilikosea Wapi?

Wasomaji wangu, katika toleo lililopita niliwaomba mnaoangalia ndege mniandikie kuhusu siku zenu msituni, hasa zile zilizowavunja moyo. Barua zimekuja nyingi. Nimechagua nne, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imebeba swali la wengi.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimezoea kuangalia ndege kandokando ya ziwa, ambako kwa asubuhi moja naandika spishi 50 na zaidi. Majuzi nilikwenda kwa mara ya kwanza kwenye msitu mnene wa mvua. Niliingia saa tatu asubuhi, nikatoka saa nane mchana, nimetembea karibu kilomita 9. Nilikuwa na darubini ya 10x42 na kitabu cha ndege. Nimeona ndege saba, na watano kati yao vilikuwa vivuli tu. Je, msitu ule una ndege kweli? Nilikosea wapi?
— *Kijana wa Ziwani*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ndege walikuwepo, na huenda ni wengi kuliko wa ziwani kwako. Wao walikuona; wewe ndiye hukuwaona.

Nianze na saa uliyoingia. Saa tatu ziwani bado ni asubuhi, lakini msituni sherehe imekwisha. Mwezi uliopita mimi niliingia saa kumi na moja na robo alfajiri, nimevaa tochi ya kichwa, ambayo niliizima mara tu nilipofika mahali pangu pa kusimama. Sikwenda zaidi ya mita 200 kutoka ukingoni. Palikuwa na giza totoro. Bundi mmoja aliita mara tatu, akanyamaza, kisha chini kabisa kwenye vichaka akaanza ndege mwingine kupiga mluzi, polepole, kama anayejaribu kukumbuka wimbo. Wa pili akampokea. Baada ya hapo sikuweza tena kuwafuata mmoja mmoja.

Karibu na ikweta mapambazuko hayana subira. Tangu weusi uanze kulegea mpaka uweze kuona rangi ya jani ni kama dakika 25 hivi. Katika dakika hizo hewa imetulia, upepo haujaanza kusukuma majani, nyenje wengi bado hawajaanza kelele zao, kwa hiyo sauti ya ndege asiyezidi kidole gumba inafika mbali sana. Siku ile niliandika spishi 19 kabla sijainua darubini hata mara moja. Zote nilizipata kwa masikio.

Na hapo ndipo penye kosa lako la pili, ambalo si kosa bali ni mazoea ya ziwani. Ziwani mtu anaangalia. Msituni mtu anasikiliza kwanza, akishajua nani anaita na kutoka wapi, ndipo anatafuta kwa macho. Miti inafika mita 30 au 40 kwenda juu, na mwanga unaofika chini ni sehemu ndogo mno ya ule unaopiga vilele, asilimia moja au mbili tu penye majani mazito. Jicho pekee halitoshi humo. Alikuwepo Mmarekani mmoja, Theodore Parker, aliyefariki mwaka 1993 kwa ajali ya eropleni huko Ecuador akiwa katika kazi ya kukagua misitu. Alitambua maelfu ya spishi kwa sauti tu. Mwaka 1982 yeye na Scott Robinson walihesabu spishi 331 kwa siku moja huko Cocha Cashu, Peru, bila kutumia gari. Sikudai uwe Parker. Nakuomba ujifunze sauti kumi. Ingia mtandaoni kwenye hazina ya sauti za ndege iitwayo Xeno-canto, ipo tangu 2005 na ni bure, chagua ndege kumi wa kawaida wa msitu unaokwenda, uwasikilize kila siku ukiwa unafua au unaosha vyombo, mpaka uwajue kama unavyozijua sauti za jamaa zako nyuma ya mlango. Sauti hizo kumi zikishakukaa, ile usiyoijua itajitokeza yenyewe.

Kosa la tatu ni miguu. Kilomita 9! Mwanangu, ulikuwa unawafukuza. Kila tawi kavu ulilokanyaga lilitangaza ujio wako, na ulipofika walikuwa wamekwisha kaa kimya juu ya tawi, wamekugeuzia mgongo. Kuna trogoni mmoja wa Afrika ambaye tumbo lake ni jekundu kama kaa la moto, na bado watu wanampita mara elfu, kwa sababu hukaa wima bila kutikisika na kukuonyesha mgongo wake wa kijani tu.

Mimi siku ile nzima sikutembea hata kilomita mbili. Ilipotimu saa kumi na mbili na nusu nilikwenda kuketi chini ya mkuyu uliokuwa umezaa. Hili nataka ulikumbuke kuliko mengine yote niliyosema: tafuta mti wenye matunda, kisha kaa. Jamii ya mikuyu haizai yote kwa msimu mmoja. Huu unaivisha leo, ule mwezi ujao, mwingine baadaye tena. Kwa hiyo karibu muda wote pana mkuyu mahali fulani msituni ambao umeandaa chakula, na ndege wanajua ulipo. Ukiona matunda yaliyodondoka chini yakiwa na alama za midomo, umefika.

Dakika 20 za kwanza sikuona kitu. Wengi huondoka hapo. Kisha jani moja likatembea. Nilipoweka darubini nikagundua kwamba nusu ya majani ya tawi lile yalikuwa ninga, wamekaa kimya wakimeza matunda, rangi moja na mti wenyewe. Nilihesabu 14, na nina hakika walikuwa zaidi. Nikasikia hondohondo kabla ya kumwona. Akipita juu ya kichwa, mabawa yake yanavuma kama mifuo ya mhunzi, vuu, vuu, vuu, kwa sababu mashina ya manyoya yake makubwa hayajafunikwa vizuri kwa chini na hewa inapenya katikati. Alikuwa dume, amejaza koo matunda. Aliyacheua moja moja kwenye ncha ya mdomo, akayarudisha, akaruka kuelekea upande uleule alikotoka. Huenda alikuwa na jike shimoni. Unajua kwamba jike wa hondohondo wengi huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa mpaka ubaki ufa mwembamba, na dume humlisha kupitia ufa huo wakati wote wa kuatamia? Nilimtazama akirudi mara tatu ndani ya saa moja.

Halafu akaja shorobo. Alikuwa anakimbia juu ya matawi kama kindi, kijani juu ya kijani, nikampoteza. Alipofungua mabawa kuruka kwenda mti wa pili, wekundu ukalipuka. Rangi ile inaitwa turasini na ndani yake mna shaba, madini yaleyale ya waya wa umeme. Ndege akikunja mabawa, haionekani kabisa. Nimemwona shorobo mara nyingi sana maishani, na bado nikaishusha darubini nikatulia kwanza.

Saa tatu, saa ambayo wewe ulikuwa unaingia, msitu ulinyamaza kama ulivyousikia. Nikasogea taratibu mpaka nikakutana na kundi. Hili ni jambo ambalo watu wa ziwani hawalijui. Ndege wadogo wala wadudu hutembea pamoja, spishi kumi, kumi na tano, wakati mwingine zaidi, wengine wakipekua majani, wengine magome, wengine wakidaka vinavyoruka. Macho ya wengi yanamwona kipanga mapema. Unaweza kukaa saa nzima bila ndege, kisha ndani ya dakika nne wakakupita 30. Mgeni hupigwa na bumbuwazi, anaruka kutoka huyu kwenda yule, na mwishowe hakuna hata mmoja aliyemwona vizuri. Mchague mmoja. Mtazame mpaka umemjua, ndipo uende kwa mwingine, na anza na wa chini kwa sababu wa juu wataonekana tena kundi likihama. Ukisikia mramba, mfuate; katika misitu ya Afrika na Asia mara nyingi yumo ndani ya kundi, anakaa mahali pa wazi na anapiga kelele.

Njia nyingine ni siafu. Najua umefundishwa kuwakimbia. Jikinge, chomeka suruali ndani ya soksi, simama pembeni ya msafara, si ndani yake, kisha tazama mbele ya jeshi. Panzi, buibui na mende wanakurupuka kuokoa roho zao, na ndege wanaoishi gizani chini ya msitu, ambao siku nyingine ni sauti tu, hukaa wazi kwenye vijiti vya chini wakiwadaka. Hawali siafu. Huko Amerika ya Kati na Kusini iko familia nzima ya ndege iliyopewa jina kwa tabia hiyo, ingawa ni wachache tu kati yao wanaoitegemea kikweli.

Kuanzia saa tano hadi saa tisa sifanyi kitu. Nilikula, nikalala chali kwenye turubai. Mvua ikanyesha saa nane, na ilipokatika ndege wakaanza tena kama kwamba ni asubuhi ya pili, wakikung'uta maji na kula haraka kabla ya jua kuzama. Jioni daftari lilikuwa na spishi 38. Nilizoziona kwa macho zilikuwa 17. Hizo nyingine 21 siziiti hasara, na wewe usiziite.

SWALI: Bibi, shingo yangu inauma baada ya nusu saa ya kutazama juu. Pia nataka kununua darubini. Rafiki zangu wanasema 10x42 ndiyo bora kwa kuwa inavuta zaidi. Ni kweli?
— *Dada wa Shingo Ngumu*

JIBU: Kwa msitu, nunua 8x42. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni 5.25, 42 kwa 10 ni 4.2. Huo ni upana, kwa milimita, wa mwale unaotoka kwenye kioo kuingia jichoni, na penye giza mboni yako hupanuka ikitaka mwale mpana. Ile ya 10 pia inakuza mtetemo wa mkono, na eneo unaloliona ni dogo. Ukimtafuta ndege mwenye haraka ndani ya majani utakuta tawi tupu. Kabla ya kulipa, simama dukani ujaribu kuona vizuri kitu kilicho mita mbili mbele yako. Msituni ndege mzuri kuliko wote anaweza kutua hapo, na darubini nyingi haziwezi kumshika.

Kuhusu shingo, acha kusimama chini ya mti. Tafuta mteremko, panda juu yake, utazame vilele vya miti ya bondeni vikiwa usawa wa macho yako. Pasipo na mteremko, lala chali. Kagua ardhi kwanza kama hakuna siafu, kisha lala. Mimi nina miaka mingi na ninalala chini mbele ya watu bila wasiwasi.

SWALI: Shikamoo. Tulikwenda msituni kikundi cha watu sita. Kiongozi wetu alikuwa na spika ndogo, akawa anapiga sauti ya ndege aliyerekodiwa mpaka ndege mwenyewe anakuja. Tuliwaona karibu sana, tukapiga picha nzuri. Lakini mmoja wetu alikasirika, akasema ni ukatili. Mimi sikuona ndege aliyeumia. Nani yuko sahihi?
— *Mpiga Picha*

JIBU: Marahaba. Aliyekasirika ndiye yuko sahihi, na naomba umtafute umwambie.

Ndege huyo hakuja kwa sababu ameupenda wimbo. Amekuja kupigana. Amesikia mwenzake wa jinsia na spishi yake akiimba katikati ya shamba lake, na kwake hiyo ni habari ya kunyang'anywa chakula, mke na watoto. Nchi za baridi ndege wengi hulinda eneo kwa miezi michache ya kuzaa. Katika misitu ya tropiki dume na jike wa spishi nyingi huishi eneo moja mwaka mzima na hulilinda mwaka mzima, wengine kwa kuimba pamoja, huyu anaanza na yule anamalizia, kwa usahihi mkubwa kiasi kwamba mgeni huapa amesikia ndege mmoja. Kwa hiyo spika yenu inamchokoza mwezi wowote mtakaokuja. Na kwa kuwa makundi hupita kijia kilekile, ndege yuleyule anachokozwa leo, kesho na keshokutwa.

Unasema hukuona aliyeumia. Mimi nilimwona. Miaka mingi nyuma, kabla ya simu za kisasa, nilikuwa na kinasa sauti cha kanda. Nilimtaka ndege mmoja wa vichakani ambaye nilikuwa nimemkosa misimu mitatu. Nikaweka kanda, akaja. Sikuridhika, nikataka kumwona mgongo. Nikairudia kanda, nikairudia tena, karibu nusu saa. Yeye na jike wake wakawa wanazunguka miguuni pangu, midomo wazi, manyoya yamesimama, hawali, hawanyamazi. Mvua ilianza kudondoka na mimi bado nacheza kanda. Nilipoinuka kuondoka nikaona kiota, hatua nne tu nyuma yangu, kikombe kidogo cha kuvu na nyuzi za mizizi. Mayai mawili, yamelowa, ya baridi. Ndege aliyepaswa kuyafunika alikuwa mbele yangu akijaribu kunifukuza.

Sijui kama yalianguliwa. Kinasa sauti sikukibeba tena msituni.

Wapo watafiti wanaopiga sauti kidogo, kwa utaratibu, wakihesabu ndege adimu ili eneo lao lilindwe, na hao siwalaumu. Lakini kwa picha, hapana. Kiongozi wenu mwambieni mapema, kabla hamjaingia, kwamba mnataka kukaa chini ya mti wenye matunda. Wengi wao hupiga sauti kwa kuogopa kwamba wageni watalalamika wasipoona kitu. Mkimwondolea hofu hiyo ataiacha spika mfukoni, na huenda akafurahi kuliko ninyi.

SWALI: Mwenzangu, mimi si kijana; nina miaka 68. Nimeangalia ndege tangu ujana wangu. Siku hizi nikienda na wenzangu wananiambia, "Umemsikia yule?" nami sijasikia kitu. Daktari amethibitisha: sauti nyembamba zimeniondoka. Msituni ambako kila kitu ni masikio, naona kama nimefungiwa nje. Niache?
— *Mzee wa Zamani*

JIBU: Usiache, ndugu yangu. Barua yako niliisoma mara mbili kabla ya kuiweka mezani, kwa sababu nami nimefika huko. Umri unaanza kuchukua sauti za juu, na ndege wadogo wa vilele wanaimba hukohuko, kwenye kilohezi sita, saba, nane, yaani mitetemo elfu sita hadi nane kwa sekunde. Mwaka wa kwanza nilidhani wamepungua. Niliuliza watu kama msitu umeingiliwa. Kumbe walikuwepo wote.

Sauti nzito bado ni zetu. Njiwa wote, bundi, shorobo, hondohondo na yale mabawa yake, trogoni anayeita kwa kina kama mtu anayepuliza chupa. Viganja ukivikunja nyuma ya masikio kama vikombe, ukageuka taratibu, utashangaa unavyosogezewa msitu. Fanya hivyo alfajiri kabla upepo haujaanza. Muulize pia daktari kuhusu kifaa cha kusikia, na umwambie wazi kwamba unataka kusikia ndege, maana vifaa vingi hurekebishwa kwa ajili ya mazungumzo tu.

Na usiende peke yako. Mimi huenda na mjukuu wangu wa miaka 12. Tulipatana hivi: akisikia kitu ambacho anaona sijageuka kukisikiliza, ananigusa bega la kulia au la kushoto kuonyesha upande, kisha ananiambia kwa maneno sauti ilivyo. Inapanda? Inashuka? Ni kama mkasi, kama sarafu, kama mlango unaohitaji mafuta? Mimi namtajia ni nani, kwa kuwa sauti zote zile bado ninazo kichwani, na yeye anamtafuta kwa macho yake makali mpaka anampata. Mara moja moja nakosea, naye hunisahihisha akishamwona.

Zile spishi 21 nilizosema hapo juu kwamba hatukuziona, daftarini kwangu tisa kati yake zina herufi M pembeni. M ni yake.